Mdogo wangu, mwanao hajaharibika

Mdogo wangu,

Jumapili ulinikatia simu kabla sijamaliza, kwa hiyo naandika hapa ambapo huwezi kunikata. Umesema nimekuharibia mtoto. Ulinipa binti mtulivu aje Kimara likizo ya Juni, amerudi Mbagala ana mdomo. Sasa kafika hadi mbele ya mwalimu wa darasa kuuliza kwa nini kiranja anapoandika majina ya wapiga kelele, waliompa ubuyu hawamo.

Nikiri kwanza, haya yalianzia jikoni kwangu.

Siku ya pili tu tangu afike aliniuliza kwa nini yeye anaosha vyombo na kaka yake, mwanangu, yuko nje na mpira. Nikampa lile jibu tulilorithi kwa mama: "Kwa sababu nimesema." Hakubisha. Akaokota kipande cha mkaa, na kila akimaliza kuosha anachora mstari ukutani, pale karoni. Upande wa kaka yake ukabaki mtupu. Siku ya tisa akanivuta mkono. "Mama mkubwa, njoo uhesabu." Mistari 19 kwa 0. Hata Simba na Yanga hawajawahi kufungana hivyo.

Nilitaka kumgombeza kwa kuchafua ukuta. Sitakuficha, hilo ndilo lililonijia kwanza. Lakini utamgombezaje mtoto wa miaka 8 aliyevumilia siku tisa, vyombo vyote kaosha, kisha akakuletea hesabu? Nikamwambia amenishinda. Tukapanga zamu. Mwanangu alinuna siku mbili, akavunja sahani moja (mpaka leo nashuku alikusudia), akazoea. Mimi pia nina zamu yangu, Jumamosi. Hilo ndilo somo lote alilopata kwangu, kwamba mkubwa akionyeshwa kosa anaweza kusema "kweli, nimekosea" na paa lisianguke.

Kuna jambo jingine alinieleza ambalo sijui kama wewe unalijua. Asubuhi anapokwenda shule, konda anapiga kelele "denti wawili tu!", na wao wanafunzi wako kumi kituoni. Akibahatika kupanda na kupata kiti, anaambiwa asimame mtu mzima akae. Nikamwambia hiyo ni heshima. Akanitazama kama mtu anayemsubiri mwanafunzi mzito. "Bibi akipanda nampisha. Mama mwenye mtoto mgongoni nampisha. Lakini yule alikuwa kaka mwenye nguvu zake, na konda alinisimamisha kwa sababu nimelipa 200."

Unaona anavyotenganisha? Kumpisha bibi ni adabu, na hiyo umemfundisha wewe, hongera. Kunyanyuliwa kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi uliyopangiwa na serikali ni kitu kingine kabisa. Tulikaa barazani tukalichambua. Nikamweleza kwamba konda naye jioni anadaiwa hesabu ya tajiri mwenye gari, na gari likijaa wanafunzi hesabu haitimii, na pengo hilo hakuna anayemfidia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wamemwonea na yeye." Sikuwa na la kuongeza. Ningemwambia tu kwamba makonda ni wakorofi, angeishia kwenye kuwachukia.

Sasa turudi shuleni, maana najua hapo ndipo roho yako inapodunda. Unaogopa mwalimu atamkamia. Una haki ya kuogopa. Sisi sote tumesoma kwenye hayo madarasa, tunajua maana ya kuonekana mjuaji. Mimi mwenyewe sikumtuma. Angeniuliza, ningemwambia amngoje mama yake aende naye. Mtoto kuuliza ni sawa, ila mzigo wa kulisimamia swali si wake. Ni wetu.

Na lipo la kusimamia. Waliotajwa kwenye ile karatasi walichapwa wote, papo hapo, na mwalimu wa zamu. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua yeye, fimbo zisizidi nne, na adhabu iandikwe kwenye daftari. Tena ni kwa makosa makubwa. Kunong'ona wakati mwalimu yuko ofisini? Na ushahidi wenyewe ni karatasi ya mtoto wa Darasa la Tatu mwenye ubuyu mdomoni! Mimi ningependa fimbo ziondoke kabisa, hapo tutabishana siku nyingine. Lakini hata wewe unayeamini fimbo utakubali kwamba hii haikufuata hata sheria yake yenyewe.

Hatuendi kugombana. Tunaanza kwa mwalimu wa darasa, kwa sauti ya chini, tukishindwa tunakwenda kwa mkuu wa shule. Kamati ya shule nayo ina wazazi ndani yake, na mmoja wao jirani yako, yule unayemkopesha mkaa.

Halafu nikukumbushe kitu, maana umenisema sana. Temeke, bombani, mwaka ule maji yalikuwa yanatoka usiku tu. Ndoo za watoto zilikuwa zinarudishwa nyuma kila mkubwa akifika. Mimi, dada mtu, niliinama nikasogeza yangu nyuma. Wewe uliipindua ndoo yako ukaikalia, kamasi zinakutoka, ukasema huondoki mpaka ijae. Yule mama mwenye madumu manne akatukana weee, akachoka. Tulirudi nyumbani na ndoo moja imejaa, ya kwako.

Mwanao hakuwahi kuisikia hadithi hiyo mpaka alipokuja kwangu. Aliniomba niirudie mara tatu.

Jumatano nina ruhusa kazini. Nitakuwa kwako saa moja asubuhi, tupande naye daladala tukiwa watatu, tuone huyo konda atamnyanyua nani. Umwachie mkaa wake, nimemwambia aendelee kuhesabu.

Dada yako.