Mtaro waachiwe vijana wa Beni

Mhariri,

Juni 2021, Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Museveni wa Uganda walipozindua pale mpakani ujenzi wa barabara ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, vijana wengi hapa kwetu waliamini kibarua kimefika. Nami niliamini. Vita havijaisha kila kona, lakini ujenzi unaendelea, na naomba mikono ya vijana hawa ihesabiwe tangu mkataba unapoandikwa.

Mwaka jana mtaani kwetu katapila lilichimba mtaro wa maji asubuhi moja tu. Hatua chache kutoka hapo, kijana wa jirani yangu alikuwa chini ya turubai akiponda mawe kwa nyundo, ayauze kwa ndoo. Aliwakimbia wauaji usiku. Shamba lao la kakao liko msituni, na msimu unapita bila mtu wa kuvuna. Hakuna aliyemwita kwenye mtaro ule. Kijana wa namna hii akikosa kazi, anayekuja kumwita ni mwenye bunduki.

Sisemi lami imwagwe kwa mikono, wala daraja lijengwe kwa sururu. Ila mitaro, kupanga mawe kandoni, kufyeka, kushindilia changarawe kwenye njia za mashambani, hizo ni kazi za watu. Kenya ilianza mwaka 1974 mpango wa barabara za vijijini, zikachimbwa kwa majembe na sururu maelfu ya kilomita, na Kisii pakawa na chuo cha kufundisha mafundi wa kazi hiyo. Barabara ilipokwisha, watu wanaoishi kandoni walipewa vipande vya kutunza kwa malipo. Sehemu hiyo ndiyo naipenda zaidi, maana kazi haikufa siku ya kukata utepe.

Wabunge wetu wa Kivu Kaskazini waulize katika kila mkataba: ngwe ngapi za wenyeji? Wasichana wamo? Na nani analipa? Kijana yule yule aliwahi kuchimba miezi miwili kwingine, kapita, yaani msimamizi wa kazi, akatoweka na pesa za kundi zima. Tangu siku hiyo hamwamini mtu yeyote anayeandika majina kwenye daftari. Basi malipo yawe kila Jumamosi, mkononi, mbele ya wenzake.

Msomaji wenu,
Beni