Barua kwa shangazi aliyetandika vitanda Diani

Shikamoo shangazi,

Jumapili uliponipigia uliniuliza maswali matatu mfululizo, na laini ikakatika kabla sijajibu hata moja. Hoteli ni kubwa kiasi gani? Umecheza kamari? Na vitanda vyote hivyo hutandikwa na nani? Nakujibu hapa hadharani kwa sababu nataka na wenzako uliofanya nao kazi wasome. Najua jioni mnakaa barazani na simu ya mjukuu wako, basi mwambieni awasomee.

Nianze na ukubwa. Kazi ndiyo iliyonipeleka Las Vegas, mkutano wa wauguzi wa siku nne, na mkutano wenyewe ulifanyika ndani ya hoteli tuliyolala. Si mbali na hapo iko MGM Grand, iliyofunguliwa mwaka 1993, yenye vyumba zaidi ya 5,000. Ile hoteli yako ya ufukweni ilikuwa na vyumba 120. Ungehitaji kuzipanga kama hiyo zaidi ya 40 kuanzia Diani kuelekea Msambweni ndipo ufikie hesabu ya jengo moja. Kutoka chumbani kwangu hadi barabarani nilitembea dakika kumi na mbili, na karibu zote nilizimaliza ndani ya kasino. Lifti inakushusha katikati ya mashine za kamari. Ukitaka chai unapita kwenye mashine, ukitaka hewa unapita kwenye mashine. Hapakuwa na dirisha, wala sikuona saa ukutani. Baada ya swala ya alfajiri nilishuka kutafuta chai nikamkuta bibi mmoja amekaa palepale nilipomwona usiku, sweta ileile, kidole juu ya kitufe kilekile. Roho iliniuma. Nilitaka kumuuliza kama kuna mtu anayemsubiri nyumbani, nikaogopa.

Sikucheza, shangazi, na unajua ulivyotulea. Ila nilisimama kwenye meza ya ruleti, ule mchezo wa kubahatisha kijipira kitaangukia namba gani kwenye gurudumu, nikapiga hesabu, na hesabu hiyo nakuomba umpelekee yule kijana wetu anayebeti kwenye simu. Gurudumu lao lina nafasi 38: namba 1 hadi 36, sifuri, na sifuri mbili pamoja. Namba yako ikitoka unalipwa 35 kwa moja. Sasa chukua dola 38, weka moja katika kila nafasi, usiache hata moja. Lazima ushinde, sivyo? Unalipwa 35, na ile moja yako unarudishiwa, jumla 36. Dola mbili zimebaki kwa mwenye kasino. Hana haja ya kuiba. Gurudumu likizunguka usiku kucha, hizo mbili zinamtosha. Jimbo la Nevada, uliko mji huu, liliihalalisha kamari mwaka 1931, na mji umenenepa kwa hizo mbili mbili.

Lakini kuna jambo lililonishangaza. Siku hizi zile hoteli kubwa za barabara wanayoiita Strip hupata fedha nyingi zaidi kwenye vyumba, chakula na maonyesho kuliko kwenye kamari yenyewe. Maana yake ni kwamba kitanda ndicho kinachowaingizia. Ile kazi waliyokuwa wakiiita ya wasiosoma, ndiyo hiyo inayobeba jengo zima.

Sasa swali lako la tatu, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Asubuhi ya pili nilikuwa nimetandika kitanda changu kabla hajaja mhudumu. Mazoea, ulinifundisha wewe. Akaingia mama wa Kihabeshi, mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, toroli lake limejaa shuka, foronya na taulo hadi kidevuni. Akakitazama kitanda, akacheka, akaniambia kwa Kiingereza kama changu, cha kujifunzia ukubwani: usinitandikie, nitavua tu zote. Kusanya taulo mahali pamoja, inatosha. Shangazi, ni maneno yako yaleyale! Nilikaa kitini nikamtazama. Aliinua kona ya lile godoro kwa goti, si kwa mgongo, akapitisha shuka chini, akakunja pembe kama bahasha, akaisugua kwa kiganja mara moja. Nilikuona wewe.

Tukaongea wakati anafuta vioo. Nilimwambia shangazi yangu alifanya kazi hii Pwani ya Kenya miaka kumi na tisa. Akaniuliza vyumba vingapi kwa siku. Nikamwambia msimu wa watalii wewe ulifika hata kumi na vinane. Akatikisa kichwa. Karatasi yake ya siku ile ilikuwa na kumi na vitatu, na chama chao cha wafanyakazi kinapigania vipungue.

Hicho chama, shangazi, ndicho ninachotaka mkijue. Kinaitwa Culinary Union, kina wanachama wapatao 60,000: wahudumu wa vyumba, wapishi, waosha vyombo, wabeba mizigo. Mwaka 1991 wafanyakazi wapatao 550 wa hoteli ya Frontier waligoma. Mgomo huo ulidumu miaka sita na zaidi, hadi mwanzoni mwa 1998, usiku na mchana wakipokezana pale langoni, joto la jangwani hilo. Hakuna hata mmoja aliyewaacha wenzake akarudi kazini. Hoteli ikauzwa, mwenye mali mpya akasaini mkataba. Mwaka 2023 chama kilitishia kugoma siku chache kabla ya mashindano ya magari ya Formula 1, na makampuni makubwa yakasaini mkataba wa miaka mitano. Ndani yake kuna kipengele kimoja mtakachokielewa ninyi kuliko mtu yeyote: vyumba visafishwe kila siku. Baada ya korona hoteli zilianza kukiacha chumba hadi mgeni aondoke, zikasema zinawapunguzia kazi. Wewe unajua chumba kilicholaliwa siku tatu bila kuguswa kinavyokuwa. Hakifanani na vyumba vitatu vya siku moja moja.

Yule mama ana matibabu kupitia chama, ana pensheni inamngoja, na kuna mfuko wa kuwasaidia wanachama kununua nyumba. Kiunoni alikuwa amening'iniza kitu kidogo kama rimoti ya gari. Akaniambia ni kitufe cha dharura: mgeni akimfungia mlango anakibonyeza na walinzi wanajua yuko wapi. Waliviingiza kwenye mikataba mwaka 2018. Hapo nilinyamaza, shangazi. Ile habari ya mgeni aliyekufungia mlango uliniambia mara moja tu, jikoni, unakuna nazi, na hukuirudia tena. Nimeibeba miaka yote hii. Nilikishika kile kitufe mkononi, kiepesi kabisa, nikafikiria siku ile ungekuwa nacho.

Friji ya chumbani nayo ina mitambo, ukiinua chupa tu imeshaandikwa kwenye bili yako. Mhudumu haulizwi. Wewe chupa ya soda ikipungua, mgeni ameshapanda ndege, ulikatwa wewe. Na mvua za masika zikianza, hoteli inafungwa, kibarua anaambiwa ataitwa, na mwaka ule wa mwisho hukuitwa. Wenzako wa kudumu walikuwa na kadi za KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli huko kwetu Kenya, wewe wa msimu hukuwa nayo. Sikuandika haya kukutonesha. Nimeandika kwa sababu miaka yote ulituambia kazi ya hoteli ndivyo ilivyo, na mimi nimeiona mahali ilipo kazi ileile, godoro lilelile, magoti yaleyale, na haiko hivyo. Nao hawakupewa. Walisimama langoni miaka sita.

Siku ya kuondoka nilimwachia dola ishirini juu ya mto na kikaratasi cha shukrani, kisha nikakutana naye kwenye korido. Akaniomba nimwonyeshe picha yako. Ninayo ile ya zamani, umevaa sare ya bluu, umesimama mbele ya kitanda, toroli pembeni. Akaishika simu yangu, akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili. Nilidhani anatazama uso wako. Kumbe anatazama kitanda nyuma yako.

"Pembe amezikunja vizuri," akasema.