Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani wetu: tunaomba ufunguo wa chumba cha kompyuta

Mheshimiwa Diwani,

Salaam nyingi kutoka huku mtaani kwetu Moshi. Naandika kama katibu wa kikundi cha akina mama tunaouza mitumba pale soko la Memorial, na naandika kama mzazi. Nimeamua niandike hadharani maana ofisini kwako tumeshakuja, kwa mtendaji tumeshaenda, barua tumeacha na muhuri wa kupokelewa tukagongewa, majibu hakuna.

Jumamosi iliyopita wale wanafunzi wa chuo wanaotufundisha kompyuta walikuja kama kawaida yao, laptopu mgongoni, wakakuta kufuli jipya kwenye mlango wa chumba cha kompyuta hapo ofisi ya kata. Mlinzi anasema maagizo yametoka juu. Juu wapi, hajui. Wazee walikuwa wameshakaa kwenye benchi wanasubiri, kuna babu mmoja kapanda daladala kutoka Rau na kavaa koti lake la kanisani kabisa. Vijana hawakuondoka, walifundishia pale pale barazani mpaka chaji zikaisha, alafu mvua ikaja tukatawanyika.

Mheshimiwa, niliumia. Wale watoto hawalipwi hata mia. Kwao ni sehemu ya masomo, huduma kwa jamii, wana daftari wanajaza na mwalimu wao anakuja kuwakagua, lakini mtu wa kujaza daftari tu hawezi kumshika bibi mkono pole pole mpaka ule mshale kwenye kioo uende anakotaka bibi. Kijana mmoja aliniambia chuoni anasoma kutengeneza mifumo, ila ni hapa kwetu ndo kajua kwanini watu wanashindwa kuitumia, maandishi madogo, vitufe vya Kiingereza, na ukichelewa kidogo unatupwa nje unaanza upya. Akasema akimaliza chuo atatengeneza mfumo ambao mama yake ataweza kuufungua. Sasa huyo ndo tunamfungia mlango?

Serikali imehamishia kila kitu mtandaoni na mimi sipingi. Leseni ya biashara ni mfumo wa Tausi, kazi za serikali ni Ajira Portal, TIN ya mlipa kodi mtandaoni, mkopo wa chuo mtandaoni, kulipa chochote serikalini mpaka upate kontrol namba, ile namba ya malipo. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023, na iliporudi 2024 ikarudi na mfumo wake, kikundi mnajisajili humo, mnapakia katiba, muhtasari wa kikao, andiko la mradi. Ni sawa, vikundi hewa vilikula sana. Lakini mama mwenye simu ya tochi anapakia kwa kutumia nini, na nani kamfundisha?

Ndo tunaishia steshenari. Wale vijana nao wanatafuta riziki sikatai, ila angalia wanavyofanya. Anakufungulia akaunti kwa imeili yake yeye, namba ya simu yake yeye, pasiwedi anayoijua yeye, anakuprintia karatasi moja, unalipa, unaondoka unashukuru. Siku mfumo ukituma ujumbe kwamba kiambatanisho hakisomeki, ujumbe unaenda kwake.

Hilo limempata binti yangu. Alifaulu, chuo akapata, tukaenda kujaza fomu ya mkopo. Cheti cha kuzaliwa tulishakihakiki RITA, wale wanaosajili vizazi, kila kitu tulikuwa nacho mkononi, lakini kijana aliyejaza alipakia ukurasa mmoja mara mbili na mwingine akauacha. Ujumbe wa kurekebisha ukaja kwenye imeili ya yule kijana, na yeye kashahamia Dar, simu haipatikani. Sisi tunasubiri nyumbani tunajua mambo yako sawa, mpaka dirisha linafungwa hatujui. Mkopo akakosa, ada sina, mtoto kakaa nyumbani, tunaamka naye alfajiri kwenda kufungua mabelo. Na kila akiona picha za wenzake wako chuo anageuza simu chini. Mimi ni mama yake, naona.

Sasa hawa wanafunzi unajua kitu cha kwanza walichotufundisha? Kila mtu awe na imeili yake, jina lake, namba yake, na pasiwedi aandike kwenye daftari la nyumbani ambalo hampi mtu. Zile namba za uhakiki zinazokuja kwenye simu usimtajie mtu hata akijiita ofisa. Wakatufundisha na zile meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii", na mwenzetu mmoja kwenye kikundi alikuwa kashaanza kutuma hela ya mzigo akakumbuka darasani akaacha, ile hela ilikuwa ya watu. Wakatufundisha kupiga picha cheti kwa simu na kukigeuza kuwa PDF nyepesi ili mfumo uikubali. Binti yangu yuko humo humo darasani, mwaka huu anataka ajaze fomu yake kwa mikono yake. Dirisha la mkopo huwa linafunguliwa katikati ya mwaka, sio mbali. Na andiko la mradi la kikundi chetu tulishafika nusu, liko kwenye kompyuta mle ndani ya kufuli lako.

Kwanini mmefunga? Wengine wanasema umeme, LUKU inaisha haraka. Wengine wanasema wenye steshenari wamekuja kulalamika wateja wamepungua. Wengine wanasema chumba kuna mtu anataka kupangishwa. Mimi naona la umeme ndo linaelekea ukweli maana mtendaji alishaanza kulisema, na kama ni hilo basi kwenye barua tuliandika wazi kabisa tutachanga. Kama ni lile la kupangisha, Mheshimiwa naomba usithubutu.

Nakukumbusha na ya kampeni. Ulisimama pale uwanjani ukashika kipaza sauti ukasema kijana wa kata hii hatalipa tena mtu amjazie fomu. Nilikupigia makofi, kura nikakupa na wanakikundi wenzangu nikawaambia wakupe. Kompyuta zilipokuja ulipiga nazo picha na picha bado iko kwenye ukurasa wako. Zile kompyuta ni za msaada, zilikuja zimejaa vumbi, hao hao wanafunzi ndo walizisafisha wakaweka programu, iliyokufa wakatoa vipuri wakafufulia nyingine. Wao hawapo kwenye ile picha.

Hatuombi posho wala mwalimu, walimu tunao. Tunaomba ufunguo. Jumamosi, saa tatu asubuhi mpaka saa saba, basi. Siku zingine fanyeni vikao vyenu humo, wekeni viti humo, hatuna shida. Na fanya haraka Mheshimiwa maana muhula wao unaelekea ukingoni, na mwalimu wao kashasema wakiendelea kusumbuliwa hapa kundi lijalo atalipeleka kata nyingine. Akiwapeleka huko hawarudi, na sisi tunarudi kulipia fomu.

Jumamosi hii tunakuja tena saa tatu, wazee, akina mama na vijana wa chuo. Naomba mlinzi akutwe na ufunguo mkononi. Kama kuna sababu ya kutofungua, uje mwenyewe utuambie, tutakusikiliza.

Wako katika ujenzi wa kata,
Katibu wa kikundi, kwa niaba ya akina mama wa Memorial