Dada Zaina, pawa ofu atoni nakuandikia wewe

Dada Zaina shikamoo. Mie mzima, kazi zile zile, joto la Muscat usiulize. Hela ya dawa za mama nimetuma kwenye simu yako, sio kwa Kaka Sefu.

Sasa hili lililoninyima usingizi. Kaka kanirushia WhatsApp karatasi imeshachapwa imebaki saini yangu tu, eti pawa ofu atoni, yaani hati ya kumpa yeye mamlaka ya kutenda kwa niaba yangu, ya kusimamia nyumba yangu ya Makorora hapo Tanga. Nimeisoma yote dada. Kukusanya kodi, sawa, kulipia pango la ardhi, sawa, ukishuka chini, katikati ya bili ya maji na kupaka rangi, kumeandikwa "kuuza, kuweka rehani na kuhamisha umiliki kadiri atakavyoona inafaa". Wallahi nilitetemeka. Halafu nikikataa nina kiburi cha Uarabuni, simheshimu mkubwa wangu! Nyumba ile nimeijenga kwa jasho langu, leo ina marumaru mpaka barazani, jipsamu vyumba vyote, wageni wakija mtaani wanaulizia ni ya nani. Haiuzwi.

Na haraka hii najua inakotoka. Tangu bomba la mafuta la kutoka Hoima lipangiwe kuishia Chongoleani, madalali hawalali, na kile kiwanja changu cha njia ya kule nacho kimeshaanza kuulizwa. Hakiuzwi nacho.

Basi nimeongea na wakili wa hapo Tanga kaandika nyingine kwa jina lako, ya mambo maalumu sio ya jumla. Utapokea kodi, utasaini mikataba ya wapangaji, utalipia pango la ardhi, na yule jirani aliyesogeza ukuta akitupeleka Baraza la Ardhi utasimama badala yangu. Kuuza na rehani nimesema iandikwe wazi kabisa kwamba huna ruhusa, usinielewe vibaya dada yangu, inakulinda hata wewe wasije kukusumbua. Alhamisi nasaini ubalozini mbele ya afisa wao agonge muhuri. Nitumie picha yako ya paspoti saizi na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Karatasi yenyewe atakuja nayo mtoto wa Bi Mwanakombo, maana picha ya simu haitoshi. Ukiipata lipia ushuru wa stempu uipeleke kwa Msajili wa Hati, usiiweke kabatini.

Kaka anasema akishika yeye hata nikifa hakuna usumbufu. Kadanganywa. Nikifumba macho karatasi hiyo nayo imekufa, yanabaki mambo ya mirathi. Na nikiwa hai naweza kuifuta siku yoyote.

Mpangaji wa uani akilalamika kodi ya jengo anakatwa yeye akinunua umeme wa LUKU, mrudishie kwenye kodi ya mwezi, ni haki yake.

Jamani nimekumbuka machungwa ya Muheza, na jioni ya Raskazone na watoto, bahari ya huku naiona kila siku lakini sina wa kwenda naye. Mungu akipenda Idd nakuja, nalala kwangu Makorora.

Mama mwambie wewe kabla Kaka hajamfikia, mueleze taratibu presha isimpande. Picha naisubiri leo leo, ukichelewa Alhamisi itanipita na likizo nyingine kazini sipewi karibuni.

Mdogo wako,
Mwanahamisi