Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa WIPO: na sisi wabunifu wa midoli tupewe risiti

Mkuu, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi salamu tu. Nakuandikia wewe kwa sababu WIPO ndiyo Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, mambo ya hakimiliki na patenti yanapita mezani kwako.

Nilitengeneza kobe. Wa maboksi, lastiki ya soksi na bawaba ndogo, ukimgusa mgongo anavuta kichwa ndani, ukimwacha kidogo anachungulia kwa jicho moja kwanza ndo anatoka. Hilo jicho moja lilinila miezi mingi aisee, ila watoto wote niliowapa walikuwa wananyamaza kimya wakimsubiri.

Nikampeleka kampuni kubwa. Hata mfuko sijafungua nikapewa fomu, inasema ninachoonyesha si siri, kampuni hainidai wala haidaiwi na mimi, na huenda wao wana wazo kama hilo tayari. Nikasaini, ningefanyaje? Nikaomba na wao wasaini tu kwamba tarehe ya leo wamemwona kobe, yule dada akatabasamu akasema huwa hatufanyi hivyo. Mwaka na nusu baadaye nikaona kobe wa plastiki, anachungulia kwa jicho moja.

Sasa sisemi wameniibia. Labda kweli walikuwa naye kwenye droo, watu wawili kuwaza kitu kimoja mbona ni kawaida. Ishu yangu ni kwamba hakuna anayeweza kujua, kwa sababu karatasi pekee iliyopo ina saini yangu mimi tu.

Najua wazo halina mwenyewe, mkataba wa TRIPS wa 1994, ule wa kimataifa wa miliki ubunifu, kifungu cha 9 umeshasema hakimiliki inalinda namna ulivyolieleza wazo, siyo wazo lenyewe, na hapo nakubali kabisa, mtu mmoja akimiliki "kobe anayejificha" wengine tutengeneze nini? Mnatuambia tukate patenti, yaani hati ya kulinda uvumbuzi mpya. Sawa, lakini Ulaya ukishakionyesha kitu kwa mtu asiyefungwa na usiri, upya wake umeisha, Marekani angalau wanakuachia mwaka mmoja. Yaani ile fomu ya "si siri" inaweza kukuharibia patenti kabla hujaiomba!

Lonnie Johnson, yule wa bastola ya maji ya Super Soaker, mwaka 2013 alipata dola milioni 72.9 kutoka kampuni ya midoli ya Hasbro kwenye usuluhishi kwa sababu alikuwa na mkataba na patenti mkononi. (Ingawa Lizzie Magie naye alikuwa na patenti ya mchezo uliozaa Monopoly, kampuni ya michezo ya Parker Brothers wakainunua 1935 kwa dola 500, basi.)

Mkuu, nyinyi mlikuwa na WIPO PROOF, mtu anapeleka faili lake anapewa uthibitisho wa tarehe kwamba lilikuwepo. Mkaianzisha 2020, mkaifunga 2022. Irudisheni. Halafu mtoe fomu ya mfano ambayo kampuni zitaombwa kuitumia, ukurasa mmoja, picha ya kitu, tarehe, saini ya aliyeleta na ya aliyepokea, na kama wana kitu kinachofanana waandike hapohapo kabla mfuko haujafunguliwa.

Nina mdoli mwingine hapa, huyu sijamwonyesha mtu. Naisubiri hiyo fomu.