Usitoe msimbo wa kuhamisha jina la kikoa kabla fedha haijashikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze jambo wanaouza majina ya kikoa, yaani anwani za tovuti, hasa yale ya .com, kwa wanunuzi wa nje wasiowafahamu. Wengi wamesikia habari za eskro, yaani kampuni inayoshika fedha ya mnunuzi mpaka jina lihamie kwake. Kinachowaponza ni kuruka hatua.

Muuzaji na mnunuzi huanza kwa kuandikiana masharti ndani ya akaunti ya eskro: bei, sarafu, nani atalipa ada, jina litahamishwaje, na mnunuzi atapewa siku ngapi za kulikagua. Mnunuzi analipa kwa eskro. Eskro ikithibitisha kuwa fedha imeingia, ndipo muuzaji anahamisha jina. Mnunuzi akilikubali, muuzaji analipwa.

Hatari iko pale kabla ya kuhamisha jina. Tapeli hutuma barua pepe yenye nembo ya eskro: "Fedha imepokelewa, tafadhali hamisha jina." Usibonyeze kiungo kilichomo. Andika mwenyewe anwani ya eskro kwenye kivinjari, ingia kwenye akaunti yako, usome hali ya muamala humo. Kama humo hapaonyeshi kuwa fedha imepokelewa, basi haijapokelewa, hata mnunuzi akikutumia picha ya risiti ya benki.

Njia nyingine ya utapeli ni mnunuzi kung'ang'ania eskro aliyoichagua yeye. Tovuti yake inapendeza na ina namba ya simu, lakini ukitazama rekodi za usajili unakuta ilisajiliwa wiki chache zilizopita. Chagueni inayothibitika. Escrow.com ya Marekani, kwa mfano, ilianza mwaka 1999 na ina leseni ya jimbo la California, ambayo mtu yeyote anaweza kuihakiki kwa mamlaka ya jimbo hilo. Mnunuzi wa kweli hatakataa. Na anayekutaka ulipie kwanza cheti cha thamani ya jina, mwache aende zake.

Nasisitiza haya kwa sababu jina likishaondoka kulirudisha ni kazi ngumu mno. Tapeli hulihamisha upesi kwa msajili mwingine, yaani kampuni nyingine inayosajili majina, pengine ya nchi nyingine. Utaratibu wa usuluhishi wa ICANN, shirika linaloratibu majina ya kikoa duniani, unaojulikana kama UDRP umewekwa kwa ajili ya migogoro ya alama za biashara. Aliyeibiwa jina bila kuwa na alama hiyo hapati msaada mkubwa humo.

Kuna maandalizi ya kufanya kabla ya kutangaza jina. Jina lililosajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita kwa kawaida haliwezi kwenda kwa msajili mwingine, kwa hiyo mwambie mnunuzi mapema. Akifungua akaunti kwa msajili wako, jina linaweza kusukumwa kutoka akaunti hadi akaunti, mara nyingi siku hiyohiyo. Kuhama kwa msajili mwingine kunahitaji ufungue kufuli linalozuia jina lisihamishwe na utoe msimbo wa uhamisho, yaani nywila ya kulihamisha, na kunaweza kuchukua siku 5.

Angalia pia barua pepe iliyo kwenye akaunti yako ya msajili na ya eskro. Ikiwa ni ya jina lilelile unaloliuza, mnunuzi akishalielekeza kwenye seva zake, barua zako zinaingia kwake, pamoja na zile za kubadilisha nywila. Weka anwani nyingine kwanza. Hakikisha pia jina la akaunti ya eskro linalingana na kitambulisho na akaunti yako ya benki, la sivyo malipo yatakwama mwishoni. Benki ambazo fedha inapitia njiani nazo hukata chao ikisafiri kutoka nje, hivyo lizingatieni hilo katika bei.

Majina ya .tz na .ke hayafuati kanuni hizo za ICANN za kuhamisha majina. Yana taratibu zake chini ya taasisi zinazoyasimamia Tanzania na Kenya. Ombi langu kwao ni kuchapisha kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, hatua za kubadilisha mmiliki wa jina na nyaraka zinazotakiwa, ili muuzaji ajue cha kuandika kwenye masharti ya eskro kabla mnunuzi hajalipa.

Mdau wa majina ya kikoa,
Dar es Salaam