Kwa nini punje za plastiki hazisagiki kama mahindi

Mteja hutuletea maabara punje za polithini za milimita 3 hadi 5 akitaka unga wa maikroni 250, yaani robo milimita. Mara nyingi ameshajaribu mwenyewe, na kilichobaki ni chekeche lililozibwa na bonge lililoyeyuka.

Hindi kavu likigongwa hupasuka. Polithini hunyumbuka, na nguvu ya pigo hugeuka joto. Polithini nyepesi huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, lakini huanza kunata mapema zaidi. Wengi hukimbilia kuongeza kasi ya mashine, na chekeche linaziba haraka zaidi.

Dawa ni baridi, ila kila plastiki ina baridi yake. Polistairini huvunjika hata ikiwa na joto la chumba. Ilishwe kidogokidogo tu. Polipropilini hukakamaa ikishuka chini ya sifuri, kwa hiyo barafu kavu (kaboni dioksidi iliyoganda), yenye nyuzi 78 chini ya sifuri, inaitosha. Polithini haikakamai sawasawa mpaka ikaribie nyuzi 110 chini ya sifuri. Hapo barafu kavu ni fedha iliyotupwa. Inatakiwa naitrojeni kimiminika, ambayo ni nyuzi 196 chini ya sifuri.

Tunaweka gramu 20 hadi 30 kwenye kikombe cha chuma cha pua na kumimina naitrojeni mpaka punje zifunikwe. Ikichemka kwa fujo, punje bado zina joto. Ikitulia, ziko tayari. Tunazilisha mashine kwa kijiko cha chuma, kwanza kwa chekeche la milimita 2, kisha tunazipoza upya na kupitisha kwenye la nusu milimita, halafu tunachekecha kupata maikroni zinazotakiwa. Mota ikianza kunguruma kwa uzito, tunaacha kulisha papo hapo.

Unga ukishatoka, adui ni hewa ya Dar es Salaam. Unyevu huugandia kama umande, hasa wakati wa masika, na nailoni ikishanyonya maji kipimo cha unyevu hakina maana tena. Chombo kifungwe na kiachwe kipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Lakini kisikazwe kifuniko wakati naitrojeni imebaki ndani: lita moja hugeuka karibu lita 700 za gesi, na chombo kitapasuka. Gesi hiyo haina harufu na hufukuza oksijeni, kwa hiyo kiyoyozi tunakizima na madirisha tunayafungua, joto liwe la namna gani.

Ukileta sampuli, tuambie ni plastiki gani na unapima nini. Kama unatafuta kromi au nikeli, sema kabla hatujawasha mashine, kwa sababu meno ya chuma cha pua huacha chembe za metali hizo kwenye unga. Tutafunga ya titani. Gramu 50 zinatosha, pamoja na punje chache za akiba zisizosagwa.